Hakimu ni wa Nani?

Hapa kwetu Mweso mtu akitaka kupeleka shauri lake mbele ya waamuzi, jirani zake hawamwulizi kwanza kama ana mashahidi, wala sheria yasemaje. Wanamwuliza: "Hakimu ni wa nani?" Maana yake, ni mtu wa kabila gani, nani alimsomesha, mkubwa gani alimpa kazi, na jioni anakula meza moja na watu wa chama gani. Mwenye shauri akiisha kujibiwa hayo, huona kama hukumu imekwisha katwa kabla yeye hajafungua kinywa. Ikiwa hakimu ni "wetu", anakwenda akiimba. Ikiwa ni "wao", anabaki nyumbani na kutafuta njia nyingine. Na njia hizo nyingine, sisi watu wa Masisi na Walikale tunazijua mno.

Leo tunataka kulitazama swali hilo, hasa kwa ajili ya mahakimu wakubwa, wale wa korti kuu, ambao jirani zetu wa Uganda na Kenya huwaita majaji. Hao ndio wanaoamua mashauri ya uchaguzi, ya mawaziri na ya marais. Labda mtu atasema: "Hayo ni mambo ya Kinshasa, yatuhusu nini sisi wa vilimani?" Yatuhusu sana. Maji yakichafuliwa kwenye chemchemi, anayechota chini bondeni hapati maji safi. Kama hakimu mkubwa kule juu ni mtu wa chama, hakimu mdogo naye atajifunza kwamba ndivyo kazi ilivyo.

Tukumbuke mambo ya udongo katika nchi yetu. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema udongo wote ni mali ya Serikali. Kwa mashamba ya kimila, yale tuliyorithi kwa wazee, sheria ile ilisema itatoka amri ya Rais ya kuyapanga. Miaka ikapita, makumi ya miaka, amri ile haikutoka. Basi mtu mmoja akaja na karatasi kutoka ofisini, mwingine akasimama na neno la mwami, mwingine na kaburi la babu yake lililo katikati ya shamba. Wote watatu wanasema: "Ni langu." Shauri kama hilo lamhitaji mwamuzi ambaye watu wote wanamwamini. Je, tulimpata? Mwezi wa Machi 1993 vita ilianza Ntoto, katika Walikale, ikapanda mpaka Masisi, watu wengi wakafa na vijiji vikateketea. Hatusemi kwamba sababu ya vita ile ilikuwa korti peke yake. Zilikuwako sababu nyingi. Lakini twajua hili: mahali ambapo watu hawamwamini mwamuzi, panga na bunduki hujifanya waamuzi.

Sasa sheria yasemaje juu ya hakimu? Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 149, yasema kwamba uwezo wa kuhukumu haumo mikononi mwa wenye kutunga sheria, wala mikononi mwa wenye kutawala. Kifungu cha 150 chasema hakimu katika kazi yake yu chini ya sheria tu. Tena kifungu cha 158 kimeweka mahakimu 9 wa Korti ya Katiba: 3 wachaguliwa na Rais mwenyewe, 3 na wabunge na maseneta pamoja, na 3 na Baraza Kuu la mahakimu. Wote hukaa miaka 9, wala hawawezi kurudishwa mara ya pili. Kwa nini hawarudishwi? Ili hakimu asiwe na haja ya kumpendeza mtu yeyote ili apate kubaki katika kiti. Na sheria ya tarehe 10 Oktoba 2006, inayopanga kazi ya mahakimu, haimruhusu hakimu kuchanganya kazi yake na kazi ya siasa.

Hakimu si jiwe. Yeye ni raia, anayo haki ya kupiga kura yake kwa siri kama wengine, na kuipenda nchi yake. Anaweza hata kuwa na mawazo yake juu ya mambo ya utawala, kwa sababu Mungu alimpa akili kama alivyotupa sisi. Neno analokatazwa ni jingine. Asipande jukwaani kumsifu mgombea. Asivae kitenge cha chama wala kofia yake. Asiende kwa mkubwa usiku kumwuliza atakateje hukumu kesho. Akiona moyo wake unawaka kwa siasa, hilo si dhambi, maana siasa njema ni kazi ya kutumikia watu. Lakini aache kwanza joho, atoke kortini mchana watu wakimwona, ndipo agombee. Mtu mmoja hawezi kucheza mpira na kupuliza filimbi.

Huenda mtu akauliza: Je, aliyekuwa mtu wa siasa aweza kuwa hakimu wa kweli? Tumtazame mlei mmoja Mkatoliki wa nchi jirani ya Uganda, jina lake Benedicto Kiwanuka. Huyu si yule Askofu Yosefu Kiwanuka wa Masaka, aliyepewa uaskofu mwaka 1939, ambaye wazee wetu walizoea kumsoma katika magazeti ya misioni. Benedicto alizaliwa mwaka 1922 katika Buddu. Wakati wa vita kuu ya pili alikuwa askari. Baada ya vita akawa mkalimani katika Korti Kuu, halafu akaenda kusoma, kwanza katika chuo cha Kikatoliki kule Basutoland, ambayo leo yaitwa Lesotho, kisha London, akawa mwanasheria mwaka 1956. Mwaka 1958 akawa kiongozi wa chama cha DP. Mwaka 1961 chama chake kikashinda uchaguzi, na mwezi wa Machi 1962 akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda. Hakukaa sana. Mwezi wa Aprili mwaka ule ule alishindwa katika uchaguzi mwingine, na Milton Obote ndiye aliyeipokea nchi siku ya uhuru. Mwaka 1969 Kiwanuka alitiwa kizuizini.

Mwezi wa Januari 1971 Idi Amin akamwangusha Obote, akawafungua wafungwa wa siasa, na Kiwanuka alikuwa mmoja wao. Mwezi wa Juni mwaka ule ule Amin akamweka kuwa Jaji Mkuu, Mganda wa kwanza kukikalia kiti kile. Haya, ndugu msomaji, angalia deni hilo lilivyokuwa zito. Mtu huyu alikuwa amelala kizuizini, Amin akamtoa. Alikuwa amenyang'anywa cheo. Amin akampa kingine kikubwa. Na Obote, adui wa Amin, ndiye aliyemtesa yeye. Kwa desturi zetu za kibinadamu, nani angemlaumu kama angeulizwa "Jaji Mkuu ni wa nani?" naye akajibu, "Mimi ni wa Amin"?

Mwezi wa Agosti 1972 Amin alitangaza kuwafukuza Waasia, akawapa siku 90. Waingereza nao walichukiwa sana siku zile. Mwezi wa Septemba askari wakamkamata Mwingereza mmoja na kumfunga. Shauri likaletwa mbele ya Kiwanuka. Je, angepoteza nini kama angelikataa? Watu wengi mitaani wangemshangilia. Mkubwa aliyempa kiti angefurahi. Lakini Kiwanuka aliamua kwamba askari wa jeshi hawakuwa na uwezo wa kumkamata raia na kumfunga namna ile, akaamuru yule mtu aachiliwe. Hakutoa hotuba ya siasa, wala hakuwaita watu barabarani. Alisoma sheria, akakata shauri lililokuwa mbele yake, basi.

Tarehe 17 Septemba watu wa Obote waliingia Uganda kwa silaha kutoka Tanzania, na hasira ya Amin ikazidi. Tarehe 21 Septemba 1972, mchana, watu wa Amin wakaingia katika jengo la Korti Kuu pale Kampala, wakamkamata Jaji Mkuu ofisini mwake, wakamvua viatu, wakamtia katika motokari. Hakurudi tena. Waliuawa wengi siku zile, naye akawa mmoja wao. Hata maiti yake haikupatikana azikwe na jamaa zake. Alikuwa amekaa katika kiti kile miezi 15 tu. Siku hizi mahakimu wa Uganda humkumbuka kila mwezi wa Septemba.

Twajifunza nini hapo? Twajifunza kwamba kutoka katika siasa kwenda kortini kwawezekana, ila mlango lazima ufungwe nyuma. Tena twajifunza kwamba shukrani ni fadhila njema, lakini hukumu si sarafu ya kulipia shukrani. Aliyekufungua gerezani umshukuru kwa mali yako, kwa jasho lako, kwa sala zako. Usimshukuru kwa haki ya mtu mwingine, maana hiyo si yako, huwezi kuitoa zawadi.

Sisi Wakristu tunalo jina la hakimu mwingine katika sala yetu ya imani, na twalitaja kila Dominika: Ponsyo Pilato. Pilato alijua vizuri kwamba Yezu hana kosa. Alilisema wazi, tena mara zaidi ya moja. Neno lililomwangusha lilikuwa neno la siasa: walimtishia kwamba akimwachilia mtu huyu, yeye si rafiki wa Kaisari. Hapo Pilato hakuwaza tena juu ya mtu aliyesimama mbele yake. Aliwaza cheo chake, na barua itakayoandikwa Roma. Basi akanawa mikono. Ndivyo anavyofanya kila hakimu anayeogopa kupoteza urafiki wa mkubwa. Siku hizi hana haja ya bakuli la maji. Yatosha kuahirisha shauri mara kumi, au kusema karatasi fulani haikupigwa muhuri.

Turudi kwetu Kongo. Tarehe 30 Desemba 2018 ulifanyika uchaguzi wa Rais. Maaskofu wetu walikuwa wametuma watazamaji kama 40,000 katika nchi nzima. Tume ya uchaguzi ilipomtangaza Félix Tshisekedi mwezi wa Januari 2019, Maaskofu walisema kwamba hesabu ile hailingani na ile iliyokusanywa na watazamaji wao. Martin Fayulu akapeleka malalamiko kwenye Korti ya Katiba. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari Korti ikayakataa. Watu wangapi walisoma sababu zilizoandikwa na mahakimu? Wachache kabisa. Wengi walikuwa wamekwisha sema tangu mwanzo mahakimu wale ni wa nani, basi wengine wakashangilia na wengine wakalia, na sababu hazikusomwa na mtu.

Mwezi wa Julai 2020 yakatokea mengine. Rais Tshisekedi aliweka mahakimu 3 wapya katika Korti ile ile. Mkubwa wake, Benoît Lwamba, alikuwa ameacha kazi. Na mahakimu 2 walihamishiwa korti nyingine kubwa, nao wakakataa, wakisema miaka yao 9 haijatimia. Upande wa Rais ukasema mambo yote yamekwenda kwa sheria. Upande wa Rais wa zamani, Joseph Kabila, ukasema sheria imevunjwa. Wale wapya walipoapa, tarehe 21 Oktoba 2020, mkubwa wa Bunge na mkubwa wa Seneti hawakufika. Hatuwezi sisi, katika gazeti la misioni, kukata shauri lile. Lakini tuseme lililo wazi: pande zote mbili zilihesabu mahakimu kama mtu ahesabuvyo ng'ombe zake malishoni, hawa wetu, hawa wao. Na mahakimu wakiisha kuhesabiwa hivyo, hata siku wanapokata hukumu ya haki tupu, nani atawasadiki? Hasara hiyo hairekebishwi kwa siku moja.

Tena msifikiri kwamba hakimu mwema ni yule tu anayemshinda Serikali. Hilo nalo ni kosa. Tuangalie Kenya. Tarehe 1 Septemba 2017 Korti ya juu kabisa, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, ilifuta uchaguzi wa Rais uliompa ushindi Uhuru Kenyatta. Majaji 4 waliafiki, 2 walikataa. Watu wa Raila Odinga wakacheza barabarani. Uchaguzi wa pili ukawekwa tarehe 26 Oktoba. Siku 2 kabla yake, jioni, askari aliyekuwa dereva wa Naibu Jaji Mkuu akapigwa risasi na kuumizwa. Na kesho yake, siku ya kusikiliza shauri lililoomba uchaguzi usimamishwe, walifika majaji 2 tu, shauri lisiweze kusikilizwa. Halafu tarehe 20 Novemba Korti ile ile ikakataa malalamiko mapya, ushindi wa Kenyatta ukasimama. Waliocheza Septemba wakanuna Novemba, na walionuna Septemba wakacheza. Je, majaji walikuwa wa nani? Kama ungewauliza watu, kila upande ungejibu mara mbili, na majibu yake yangepingana. Ushujaa wa hakimu si kumpiga mkubwa, wala kumpiga mdogo. Ni kulitazama shauri lililo mbele yake, na kuandika sababu zake kwa maneno ambayo hata aliyeshindwa aweza kuyasoma.

Mpaka hapa tumesema juu ya mahakimu na wakubwa. Sasa tujitazame sisi wenyewe. Mtoto wa kilima chetu akipata kazi ya uhakimu, tunafanya karamu, tunachinja mbuzi, tunamshukuru Mungu katika Misa. Ni vizuri, maana masomo yake yaligharimu jasho la wengi. Lakini kabla karamu haijaisha, mzee mmoja anasimama na kusema: "Mtoto wetu, usitusahau." Neno hilo ni tamu, wote wanapiga makofi. Kumbe ndilo mbegu yenyewe. Kesho yake asubuhi mmoja anakuja na shauri la shamba, mwingine na kuku wawili, mwingine na barua ya mkubwa wa chama. Akikataa, tunasema amekuwa na kiburi, ameacha kabila lake. Sisi ndio tunaomfundisha kuwa na upande, kisha tunashangaa kwamba mahakimu wa wenzetu nao wana upande.

Tena tunapenda sana hukumu ya haki ikimwangukia jirani. Ikituangukia sisi, tunasema imenunuliwa. Basi kila mmoja ajiulize maneno mawili. Hakimu ajiulize: "Kama ningebadilisha majina ya hawa wawili, huyu awe mahali pa yule, je, ningekata hukumu hii hii?" Na sisi tujiulize: "Kama ningesimama upande ule mwingine, je, ningeiona hukumu hii ni ya haki?" Maswali hayo hayahitaji kusoma sana. Hata mtoto wa katekesimu ayaelewa.

Huku kwetu tuna sababu ya pekee ya kuyafikiri haya. Mwezi wa Desemba 2023 nchi ilipopiga kura, sisi wa Masisi na ndugu zetu wa Rutshuru hatukupiga, kwa sababu ya vita. Mwezi uliofuata mabomu yaliangukia Mweso, yakaua watu katikati ya nyumba zao. Mtu asiye na kura na asiye na bunduki amebakiwa na nini? Amebakiwa na haki yake tu, na haki hiyo yahitaji mtu wa kuisema mbele ya watu. Siku zote za vita tumewaona wenye silaha wa namna nyingi wakiweka waamuzi wao, na kila mwamuzi wa namna hiyo jibu lake lajulikana: yeye ni wa yule aliyemweka. Ndiyo sababu amani ikirudi haitatosha kurudisha askari na ofisi. Itatupasa kurudisha waamuzi ambao si wa mtu.

Yezu alitoa mfano wa mjane aliyemwendea hakimu asiyemcha Mungu wala kumjali mtu, akamsumbua mpaka akapewa haki yake. Wajane kama huyo wako wengi katika parokia yetu. Mume amekufa, shamba limechukuliwa, watoto wanne. Hana mbuzi wa kupeleka, hana ndugu Kinshasa, hana kadi ya chama, hana wa kumwambia hakimu "usitusahau". Wenye nguvu daima watapata njia, hakimu awe na upande au asiwe nao. Mjane hana njia nyingine. Siku hakimu anapokuwa wa fulani, mjane ndiye anayeibiwa wa kwanza, hata kama shauri lilikuwa la marais na yeye hakusikia habari zake.

Basi tufanye nini? Kwanza, tusipeleke zawadi kwa mwamuzi, hata ndogo, hata kama shauri letu ni la haki. Maana ukimlipa akupe kilicho chako, umemfundisha kukiuza. Pili, mtoto wetu akiwa hakimu, tumwambie siku ile ya karamu, mbele ya wote: "Utusahau ukiwa kazini, utukumbuke katika sala." Tatu, watu wa Haki na Amani katika parokia wawasaidie maskini kuandika mashauri yao vizuri na kutunza karatasi zao, ili waende na ushahidi badala ya kwenda na majina ya wakubwa. Nne, Dominika tunapowaombea Maaskofu, Mapadri na watawala, tusiwaache mahakimu. Kazi yao ni ya hatari, na wengine, kama Benedicto Kiwanuka, wamelipa kwa damu.

Na siku tutakaposhindwa kortini, tuombe hukumu iliyoandikwa, tuisome au tusomewe, sababu moja moja. Tukiona kosa, tukate rufani kama sheria inavyoruhusu. Tukiona ni kweli, tumwachie jirani shamba lake, tena tumsalimu njiani.